Tapeti za Boxer: zikilia kosa, zikinyamaza nalo kosa?

#1 MtuWaSteji (Arua)
Habari wakuu. Nina pikipiki ya Boxer 100, niliinunua mpya, sasa iko mwaka wa tatu kazini. Mwezi uliopita ilianza kupiga kelele huku juu kwenye hedi, kichwa cha injini, tek-tek-tek-tek, kama cherehani. Mama mmoja wa sokoni nilimbeba na gunia lake la muhogo, akaniuliza, "Mwanangu, hii pikipiki inahesabu pesa?" Nikaona aibu, nikaipeleka kwa fundi. Akafungua vifuniko viwili vya tapeti, zile skrubu ndogo zinazokaa juu ya valvu, akashika spana na kabisibisi kadogo, dakika kumi hazikufika. Kimya. Niliondoka pale kama mtu aliyenunua nyingine.

Sasa tangu siku hiyo asubuhi haiwaki. Kiki ishirini, thelathini, mpaka shati linalowa. Ikishawaka na kupata moto inatulia, lakini kilima kidogo tu nikiwa na abiria inaomba gia ya pili. Fundi kasema plagi, nimebadilisha. Kasema kabureta, imesafishwa mara mbili. Nauliza: tapeti zikilia ni ugonjwa, na zikinyamaza pia ni ugonjwa?

#2 SpanaNane (Kampala)
Umejijibu mwenyewe. Amezikaza mno. Uzi umeisha.

#3 UmemeTupu (Kampala)
Yangu haina tapeti, haina valvu, haina oili. Nachaji, naenda. Poleni sana wapendwa.

#4 Dereva_Malaba
#3 na umeme ukikatika kwenu unaipa nyasi?

#5 AfandeMstaafu (Bombo)
Jambo. SpanaNane amesema kweli ila kwa pupa, kijana hajaelewa kitu. Mimi nimekaa na pikipiki na malori gereji ya jeshi miaka mingi, wacha nieleze taratibu.

Injini yako ina valvu mbili. Moja iko upande wa kabureta, inaingiza hewa na petroli. Nyingine iko mbele, upande wa ekzosi, inatoa moshi. Kamu, ekseli yenye nundu inayozungushwa na injini, inasukuma roka, mkono mfupi wa chuma, na roka inakanyaga mkia wa valvu, valvu inafunguka. Kamu ikigeuka mgongo, springi inairudisha valvu ikae kwenye kiti chake. Sasa pale kati ya skrubu ya roka na mkia wa valvu lazima ibaki nafasi kidogo. Kwa Boxer ndogo sisi tulizoea 0.05 ya milimita upande wa kuingiza na 0.10 upande wa ekzosi, injini ikiwa baridi kabisa. Unywele wa kichwa chako uko hapo katikati, ndiyo ujue tunasema habari ya kitu kidogo namna gani.

Kwa nini ekzosi ipewe zaidi? Kwa sababu inaoga moto. Chuma kikipata moto kinarefuka. Usipoiachia nafasi, mkia unaigusa roka hata wakati wa kupumzika, na valvu haikai vizuri kwenye kiti. Hapo unapata hasara mbili. Ya kwanza, mgandamizo unavuja, ndiyo maana unapiga kiki mpaka jasho. Ya pili watu wengi hawaijui: valvu inapoza joto lake pale inapokaa kwenye kiti. Isipokaa haipoi. Mdomo wake unaanza kuliwa kama ukingo wa chapati iliyoungua. Na hutasikia kelele yoyote, mpaka siku utakayofungua hedi.

#6 MamaWaBoda (Jinja)
Shikamoo Afande. Nina pikipiki tatu, vijana wanaziendesha. Kila wiki naletewa hadithi ya tapeti. Fundi wetu hana kile kipimo cha majani-majani, anatumia wembe. Ananiibia au ndivyo inavyofanywa?

#7 SpanaNane
Mama, kile kipimo, vibati vyembamba vya unene tofauti, sisi tunakiita fila. Kuhusu wembe usimcheke. Wembe wa kawaida wa kunyolea, ule wa pande mbili, una unene wa 0.10. Kwa ekzosi ya Boxer unaingia pale pale. Shida iko upande wa kuingiza: huko inatakiwa nusu ya wembe, na nusu ya wembe haiuzwi dukani. Hapo ndipo wanakisia. Mwingine anatumia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, mwingine anatikisa roka kwa kidole anasema "imekaa". Kidole changu kina miaka kumi na tano soko la vipuri la Kisekka na bado sikiamini.

Kama ana fila, mwambie akuonyeshe inavyopita. Isipite bure na isikwame. Iwe kama unavuta noti kwenye pochi iliyobana.

#8 Kabale_Baridi
Mnamtisha mtu bure. Mimi niko Kabale, huku tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, kila pikipiki inagoma asubuhi. Hewa nyepesi, baridi kali, petroli haigeuki mvuke vizuri. Vuta choki, subiri, piga kiki. Si kila kitu ni valvu.

#9 MtuWaSteji
@Kabale_Baridi ssebo mimi niko Arua. Hapa saa mbili asubuhi tayari mbwa wanatafuta kivuli. Na kabla ya fundi ilikuwa inawaka kiki ya pili.

#10 MsafiriKaruma
Umejaza mafuta wapi? Mimi yalinikuta njia ya Karuma kwenda Pakwach. Petroli ilikuwa imetiwa mafuta ya taa. Asubuhi haiwaki, mlima haipandi, dalili zako zote. Niliyamwaga kwenye kopo, nikachovya kitambaa, nikanusa. Taa tupu. Labda fundi wako hana kosa, imetokea wiki moja tu.

#11 Dereva_Malaba
Kila uzi humu ndani unaishia kwa mafuta ya taa.

#12 MsafiriKaruma
Kwa sababu kila tanki limewahi kuyaonja.

#13 Bwera_Mpakani
Jambo bandugu. Miye naona fundi alikosea alama. Kwa magneto, lile gurudumu la sumaku ubavuni mwa injini, kuna kadirisha kadogo, ndani kuna mistari: F na T. Wengi wanasimamisha kwa F, kumbe F ni ya moto wa plagi, T ndiyo pistoni iko juu kabisa. Tena hata kwa T, pistoni inafika juu mara mbili: moja ikigandamiza, moja ikimaliza kutoa moshi. Ukiipima kwa ile ya moshi, valvu zote mbili ziko wazi kidogo, utapima uongo. Hapo ndipo alikazia vibaya.

#14 AfandeMstaafu
Bwera_Mpakani, habari ya F na T umeisema vizuri sana. Lakini mwisho umegeuza. Fikiri: kwenye zamu ya moshi roka zimekwisha kukanyaga valvu, hakuna nafasi. Fundi akiona hakuna nafasi atafanya nini? Atalegeza. Akilegeza pale, ukifika mgandamizo wa kweli nafasi inakuwa kubwa mno. Pikipiki ingepiga kelele kuliko mwanzo. Ya huyu kijana imenyamaza. Kwa hiyo kosa lake si la mzunguko.

#15 Bwera_Mpakani
Aa. Kweli, Afande. Nimefuta ya mwisho, ya kwanza ibaki.

#16 SpanaNane
Someni tena #1 jamani. "Dakika kumi hazikufika." Mtu katoka steji, injini inachemka, ukiweka mate yanakauka. Fundi hakungoja ipoe. Amepima ikiwa moto, au hakupima kabisa, amekaza mpaka kelele ikaisha. Mimi pikipiki ikiingia kwangu kwa kazi ya tapeti inalala. Mwenye haraka aende kwa mwingine, na wengi wanaenda.

#17 MhandisiBado (Makerere)
Hapa kuna jambo. Afande anasema injini ikipata moto nafasi inapungua. Si lazima. Hedi ya Boxer ni alumini na kamu iko humo humo juu. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua cha valvu. Kwa injini nyingi za kamu ya juu, hedi ikitanuka inaibeba kamu na roka mbali na mkia wa valvu, na nafasi inaongezeka kidogo. Sasa chukua fundi aliyepima ikiwa moto akaacha 0.05. Usiku imepoa, nafasi imekwisha, valvu imebaki mdomo wazi. Asubuhi haiwaki. Ikipata moto nafasi inarudi, inatulia. Ni yale yale aliyoandika mwenye uzi.

#18 AfandeMstaafu
Kijana, vitabu nimevisoma pia. Valvu ya ekzosi haina joto sawa na hedi. Hedi ina mapezi na upepo, valvu imekaa ndani ya moto. Ile inarefuka zaidi hata kama chuma chake ni kigumu. Tuliozoea Honda CG tunajua: 0.08 pande zote mbili, baridi, na ukipunguza inakufia njiani ikiwa moto, si asubuhi.

#19 MhandisiBado
CG si mfano mzuri, mzee wangu, na niseme kwa heshima. CG kamu yake iko chini, inasukuma kwa fimbo mbili ndefu. Silinda ikitanuka inazivuta fimbo, hesabu yake ni nyingine kabisa. Huwezi kuchukua tabia ya CG ukaivalisha Boxer.

#20 AfandeMstaafu
Fimbo nazijua, nimezinyoosha kwa nyundo kabla hujazaliwa.

#21 Dereva_Malaba
Afande amekasirika. Mhandisi, omba radhi, hapa si darasani.

#22 MwlWaKiswahili (Mbale)
Samahani kuingilia. Tapeti, valvu, fila, hedi... Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, nami nimekuwa nikitafuta mahali watu wanakitumia kwa kazi. Kumbe kiko chini ya pikipiki. Valvu mnasema "zinanyamaza" na pikipiki "inaomba gia"! Nitawasomea wanafunzi.

#23 SpanaNane
Mwalimu, uliza pia tunavyosema nati ikichubuka. Hapo usiwasomee.

#24 MamaWaBoda
Tunarudi kwenye pikipiki tafadhali. Mtu akitaka kuangalia mwenyewe nyumbani bila kufungua magneto, inawezekana?

#25 SpanaNane
Inawezekana, mama. Iache ilale usiku kucha. Asubuhi usiiwashe hata kidogo. Isimamishe kwa stendi kubwa, toa plagi, tia gia ya mwisho. Fungua vifuniko vya tapeti. Chini kabisa weka kitambaa, oili itadondoka kidogo. Ingiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi, ushikilie kwa vidole. Sasa zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, kuelekea mbele, polepole. Angalia roka ya upande wa kabureta: itashuka, itapanda. Ikishapanda endelea kuzungusha, utaona mrija unasukumwa juu. Ukifika juu ukasita, simama. Hapo ndipo pa kugandamiza, roka zote mbili zinatakiwa kutikisika kidogo sana kwa vidole. Mrija usiuache ndani ukaenda kunywa chai, utakatikia humo.

Jambo la pili, kosa la kila siku: ukisha­weka nafasi, unakaza nati, na nati ikikaza inaigeuza skrubu pamoja nayo. Ulikuwa na 0.10, umebaki na 0.06. Shika skrubu isizunguke, kaza, halafu PIMA TENA. Mimi nimewafundisha vijana sita, watano wanasahau hapo.

#26 Kabale_Baridi
Na choki je?

#27 SpanaNane
Choki mwache apumzike.

#28 MtuWaSteji
Wakuu, nimerudi. Nililaza pikipiki ndani, saa kumi na moja na nusu nikaanza, mke wangu akishika tochi ya simu. Nilifuata ya #25 hatua kwa hatua. Mrija nilichukua wa mtoto, akalia kidogo.

Upande wa kabureta roka inacheza, ukiitikisa unasikia tik ndogo sana. Upande wa ekzosi imekufa. Haitikisiki. Nilijaribu wembe mpya nikiushika kwa koleo ndogo: kona yake haikuingia hata kidogo, ukajipinda. Nilizungusha gurudumu mara mbili zaidi nikidhani nimekosea, nikarudi pale pale. Imekufa.

Nati ilikuwa namba 9. Nililegeza, skrubu nikaigeuza kidogo mno, wembe ukapita kwa kubanwa. Nikakaza. Nikapima tena, ukakwama. SpanaNane, ni kama ulikuwa umesimama nyuma yangu. Mara ya tatu ndiyo ilikubali. Upande wa kuingiza sikugusa.

Imewaka kiki ya tatu. Mke wangu kapiga kigelegele, majirani wakadhani kuna posa.

#29 Dereva_Malaba
Mpeni shemeji spana, yeye ndiye fundi.

#30 AfandeMstaafu
Umefanya kazi ya askari. Na mlima?

#31 MtuWaSteji
Mlima ndiyo habari mbaya, Afande. Imeongezeka nguvu kidogo lakini si ile yangu ya zamani. Na nikibonyeza kiki kwa mkono polepole, pale panapokuwa pagumu, ugumu unakwisha taratibu, kama unakanyaga mpira wenye tundu. Zamani ningeweza kusimama juu ya kiki.

#32 SpanaNane
Sikiliza inakovujia. Mtu mmoja abonyeze kiki polepole, wewe weka sikio. Ukisikia fsss kwenye mdomo wa ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Ukisikia kwenye kabureta, ni ya kuingiza. Ukifungua kifuniko cha oili ukasikia humo, ni ringi za pistoni.

#33 MtuWaSteji
Ekzosi. Kidogo lakini ipo.

#34 AfandeMstaafu
Basi imekwisha kuungua mdomo. Wiki zote hizo umebeba watu valvu ikiwa wazi. Hedi ishuke, valvu isagwe kwa dawa ya kusagia au ibadilishwe, na kiti kiangaliwe.

#35 MhandisiBado
Au ni kaboni imekwama kwenye kiti. Asikimbilie kushusha hedi. Aiendeshe wiki moja na nafasi iliyo sahihi, valvu inaweza kujisafishia. Halafu swali: kwa nini ekzosi tu ilikuwa imekufa na ya kuingiza iko sawa? Fundi aligusa zote mbili. Inawezekana fundi aliiacha sawa, na tangu hapo valvu yenyewe imezama kwenye kiti. Kiti kikiliwa, valvu inapanda juu kuelekea roka na nafasi inapotea yenyewe. Kelele inatokana na roka na skrubu kulika, ukimya unatokana na kiti kulika.

#36 SpanaNane
Kwa mwezi mmoja? Kiti kizame mpaka nafasi yote iishe kwa mwezi? Hapana. Hiyo ni kazi ya kilomita nyingi.

#37 MsafiriKaruma
Ukiwa unachoma mafuta ya taa, kila kitu kinakwenda haraka.

#38 Dereva_Malaba
😂😂 Amerudi.

#39 Bwera_Mpakani
Na klachi? Kwa mulima injini inalia juu lakini pikipiki haiendi? Hiyo ni sahani za klachi, haina kazi na valvu. Inawezekana ana magonjwa mbili.

#40 MtuWaSteji
Inalia juu kidogo, ndiyo. Sasa mnanichanganya. Jumamosi naipeleka kwa fundi mwingine, si yule, afungue mbele yangu. Nitaweka picha ya valvu hapa muone wenyewe.

Kitu kimoja tu. Ile tek-tek imerudi, ndogo, kama saa ya ukutani. Leo nilimbeba yule mama wa muhogo. Akasikiliza, akasema, "Eh, imeanza tena kuhesabu."

#41 AfandeMstaafu
Mwambie mama ihesabu. Ikiacha kuhesabu ndipo ushuke.

#42 MamaWaBoda
Jumapili nazipima zangu tatu. Nimenunua wembe na mrija. Vijana wangu hawajui.

#43 Kijana_Kasese
Hamjambo, mimi mgeni humu. Na TVS je, namba ni hizo hizo?

#44 SpanaNane
Fungua uzi wako.